Maswali na Majibu: Burashi ya Kuchanganya Rangi Inapogoma

Barua nyingi za toleo hili zimekuja na malalamiko ya namna moja. Mtu amejitengenezea burashi ya kuchanganya rangi kwenye programu ya kuchorea, au amechukua ya mwenzake, na haifanyi alivyotarajia: inaacha shanga, inatia tope, inakula kingo, au inajikokota kama konokono. Tumeanza na swali ambalo jibu lake linafungua mengine yote. Majina ya vitelezi na vitufe tumeyaacha kama yanavyosomeka kwenye skrini, ili usipate tabu kuyatafuta.

Burashi yangu ya kuburuta rangi ilikuwa inaacha viduara vilivyofuatana kama shanga. Nikashauriwa nipunguze nafasi kati ya viduara. Shanga zimekwisha kweli, lakini sasa rangi haiburutiki. Inasogea kidogo tu inaishia. Nimekosea wapi?

Hujakosea. Umegeuza vitu viwili ukidhani umegeuza kimoja.

Burashi ya kompyuta haichori mstari. Inapiga chapa, moja baada ya nyingine, na zikikaribiana vya kutosha jicho linaona mstari. Kile kitelezi cha nafasi, ambacho programu nyingi hukiita Spacing, kinasema chapa zipigwe kila baada ya umbali gani, kwa asilimia ya kipenyo cha burashi. Burashi ya pikseli 100 yenye nafasi ya asilimia 25 hupiga chapa kila baada ya pikseli 25. Ukishusha nafasi hadi asilimia 5, inapiga kila baada ya pikseli 5.

Burashi ya kuchanganya haileti rangi mpya. Kila chapa inabeba sehemu ya rangi iliyookotwa nyuma na kuichanganya na ile inayoikuta. Kitelezi cha nguvu (mara nyingi Strength) ndicho kinachoamua sehemu hiyo ni kubwa kiasi gani. Nguvu ikiwa asilimia 90, chapa ya kwanza inabaki na 90 ya rangi ya mwanzo, ya pili 81, ya kumi imebaki na kama 35, na ya ishirini ina 12 tu. Sasa pima mwendo. Kwa nafasi ya asilimia 25, chapa kumi ni pikseli 250. Kwa nafasi ya asilimia 5, chapa kumi hizo hizo ni pikseli 50. Nguvu hukuigusa, lakini rangi inakufa mapema mara tano.

Dawa yake ni kupandisha nguvu kila unaposhusha nafasi. Angalia pengo lililobaki kufikia 100, kisha uligawe kwa idadi ya mara ulizopunguza nafasi. Ulikuwa na 90, pengo ni 10. Umepunguza nafasi mara tano, 10 gawa kwa 5 ni 2, basi weka nguvu 98. Kama ungepunguza nusu tu, ungeweka 95. Hesabu hii ni ya kukadiria, na chini ya nguvu ya 80 inaanza kupotoka, ila kwa kazi ya mkono inatosha.

Hapo hapo utaelewa kwa nini mwisho wa kitelezi una wazimu wake. Kutoka 40 kwenda 60 karibu huoni kitu: rangi ya mwanzo inashuka hadi sehemu moja ya kumi baada ya chapa mbili na nusu, au nne na nusu. Kutoka 98 kwenda 99 ni chapa 114 dhidi ya 229. Kwa burashi yetu yenye chapa kila pikseli 5, hiyo ni tofauti ya pikseli 570 na pikseli 1,145. Kwa hiyo ukiwa juu ya 95 andika namba kwa kibodi. Ukiburuta kitelezi kwa kidole utaruka palipo na utamu.

Kwa ncha laini yenye kingo zilizofifia, anza na nafasi ya asilimia 5 hadi 8. Ncha yenye kingo kali inataka ndogo zaidi, 2 hadi 4, maana ukali wa ukingo ndio unaozaa shanga.

Natumia programu ya kuchorea ya Krita. Nataka burashi mbili za kuchanganya: moja ya kulainisha ngozi na anga, nyingine ya kuburuta rangi nzito kama ya mafuta. Nianzie wapi?

Usianze na ukurasa mtupu. Krita inakuja na burashi za kuchanganya ambazo majina yake yanaanza na k) Blender. Chagua moja ya kawaida, bonyeza F5 kufungua kihariri cha burashi, kisha bonyeza kitufe cha Save New Brush Preset uipe jina lako kabla hujagusa kitu. Wengi hufanya kinyume: wanahariri kwanza, wanahifadhi juu ya ile ya asili, halafu hawana pa kurudi.

Hakikisha injini iliyochaguliwa, yaani mfumo unaoiendesha burashi, ni Color Smudge. Kwenye injini hii mambo matatu ndiyo yenye uzito, na yote yako kwenye orodha ya kushoto.

La kwanza ni Color Rate. Hiki ni kiasi cha rangi uliyoishika kinachomwagwa pamoja na mchanganyiko. Ondoa tiki kabisa. Kukishusha kitelezi hadi karibu na sifuri ukaacha tiki si sawasawa, kwa sababu kijiasi kidogo kinachobaki kitajikusanya chapa kwa chapa, na baada ya mipigo kadhaa utashangaa shavu limeingiwa na ubluu ambao hukuupaka.

La pili ni Smudge Length, ambayo ndiyo ile nguvu ya swali lililotangulia, na humo ndani kuna chaguo la Smearing na Dulling. Hapa ndipo burashi zako mbili zinapoachana njia. Smearing inachukua picha ya kilicho chini ya ncha, pikseli kwa pikseli, na kuisogeza mbele. Mistari na michirizi inabaki kuonekana. Dulling inachukua rangi moja kutoka eneo hilo na kuisambaza ncha nzima, hivyo michirizi inakufa na uso unakuwa laini. Ya ngozi na anga ipe Dulling, urefu kati ya 50 na 70. Ya rangi nzito ipe Smearing, urefu 90 au zaidi, ukikumbuka hesabu ya swali lililotangulia.

La tatu ni Smudge Radius, ambalo lina maana ukiwa kwenye Dulling. Linapanua eneo ambalo rangi inaokotwa. Ukiliongeza, burashi inaanza kuleta rangi ya mbali ambayo hata hujaigusa, na kwenye uso wa mtu kivuli cha pua kinahamia shavuni. Liache chini.

Kisha unganisha mkandamizo wa kalamu. Ndani ya Smudge Length tia tiki kwenye sensa ya Pressure. Utaona mstari ulionyooka kwenye kisanduku. Uvute katikati chini kidogo ili mguso mwepesi utoe athari ndogo na nguvu ije mwishoni. Ukubwa wa burashi usiuunganishe na mkandamizo. Ukiviunganisha vyote viwili, kila unapokandamiza ili ipatikane nguvu, burashi inatanuka na kula eneo ambalo hukulitaka.

Ukiona alama ndogo kwenye kona ya picha ya burashi, ujue umebadilisha kitu ambacho hakijahifadhiwa. Rudi F5, uandike juu yake kwa Overwrite Brush, au uachane nayo.

Kwenye Photoshop kuna Smudge na kuna Mixer Brush. Ipi ni ya kuchanganya?

Zote, ila tabia ni mbali. Smudge ni kidole: inasukuma kilichopo. Mixer Brush ni burashi yenye hifadhi ya rangi, na ina vitelezi vinne vinavyochanganya watu kuliko vinavyochanganya rangi. Wet ni kiasi cha rangi inayookotwa kutoka turubai. Load ni rangi iliyojazwa kwenye burashi. Ikiwa ndogo, mpigo unakauka upesi. Mix ni uwiano kati ya rangi ya turubai na rangi ya hifadhi, ambapo 100 ina maana yote itoke kwenye turubai. Flow ni kasi ya kutoka.

Kwa kuchanganya tupu, juu kwenye upau wa chaguo zima kitufe cha kujaza burashi baada ya kila mpigo, na uwashe kile cha kuisafisha. Wet weka 60 hadi 80, Mix 90 au zaidi, Flow 40 hadi 60. Ukisahau kuwasha usafishaji, mpigo wa pili unaanza na mabaki ya mpigo wa kwanza. Wachoraji wa mandhari wengine hupenda hivyo, kwa sababu mabaki yanafunga picha pamoja. Kwenye jicho la mtu ni maafa.

Ukichagua Smudge, fungua F5, nenda sehemu ya Transfer, na uunganishe nguvu na Pen Pressure. Na uangalie kisanduku cha Finger Painting kisiwe na tiki, kwa sababu kinaanzisha kila mpigo kwa rangi uliyoishika.

Wakati wa kuhifadhi burashi mpya, dirisha dogo litakuuliza kama ujumuishe mipangilio ya zana. Tia tiki Include Tool Settings. Bila hiyo unahifadhi ncha na tabia zake tu, na Wet, Mix na vingine havitarudi utakapoichagua tena. Include Color liache wazi. Burashi ya kuchanganya haina haja ya kukubadilishia rangi.

Nikichanganya bluu na njano napata kijivu badala ya kijani. Burashi ni mbovu?

Burashi ni nzima. Rangi za skrini ni mwanga, na kila moja huandikwa kwa namba tatu, za nyekundu, kijani na bluu, kuanzia 0 hadi 255. Bluu kamili ni 0, 0, 255. Njano kamili ni 255, 255, 0. Wastani wake ni 128 kwa 128 kwa 128, ambayo ni kijivu kisicho na doa. Rangi za mafuta zinatoa kijani kwa sababu chembe zake zinanyonya mwanga, na kinachosalimika kurudi machoni ni kijani. Burashi nyingi za kuchanganya hazifanyi hivyo. Zinapiga wastani wa namba.

Kuna ugonjwa wa pili unaofanana na huu. Nyekundu na kijani zikichanganywa kwa namba za kawaida za skrini zinatoa 128, 128, 0, rangi nzito kama tope, kwa sababu namba hizo hazilingani moja kwa moja na wingi wa mwanga. Zikichanganywa kwa mwanga halisi zingetoa 188, 188, 0, iliyo angavu zaidi. Kwenye Krita unaweza kufanya kazi kwenye mfumo wa rangi ambao namba zake zinalingana moja kwa moja na wingi wa mwanga: unapofungua turubai mpya chagua biti 16 za desimali (16-bit float), na wasifu wa rangi ambao jina lake linaishia na g10. Tope la nyekundu na kijani litapungua. Lakini usitegemee kijani kwa bluu na njano, kwa sababu huko utapata kijivu tu, cheupe zaidi.

Njia inayofanya kazi kwenye programu yoyote ni ya kizamani: tia daraja. Kabla ya kuchanganya, paka kwa mkono rangi ya tatu katikati, ile unayotaka iwepo, yenye upana wa kama theluthi ya mpito mzima. Kisha changanya bluu na daraja, halafu daraja na njano. Usivuke daraja kwa mpigo mmoja. Ukitazama ngozi iliyochorwa vizuri, kati ya mwanga na kivuli utakuta kuna ukanda wenye wekundu kidogo. Ukanda huo mara nyingi umepakwa, hautoki kwenye burashi ya kuchanganya.

Nimechora ncha yangu yenye nywele za burashi, lakini nikiipiga naona kisanduku cha mraba kuizunguka. Na michirizi niliyoitegemea haionekani.

Kisanduku kwanza. Kwenye Photoshop na Krita, ncha inayotokana na picha ya kijivu husomwa hivi: nyeusi ni wino, nyeupe ni tupu. Nyeupe yako si nyeupe. Inaweza kuwa 250 badala ya 255, na jicho haliwezi kuiona, lakini burashi inaipiga mamia ya mara. Fungua kirekebisha viwango (Levels), vuta kitelezi cha upande wa mwanga hadi mandhari yote yafike 255, kisha pima pembe nne kwa kiokota rangi. Kama picha ilikuwa ya JPEG, kuna vumbi kuzunguka kila nukta; safisha kwa mkono au anza upya na PNG. Kwenye Procreate kanuni imepinduka: nyeupe ndiyo wino. Ncha uliyoitoa Photoshop ukiiingiza huko bila kuigeuza itapiga kisanduku chenye matundu. Na kwenye Clip Studio Paint ncha inasajiliwa kwanza kama nyenzo, na usipotia tiki kwenye kisanduku cha kuitumia kama umbo la ncha ya burashi, haitaonekana kwenye orodha hata ukitafuta hadi kesho.

Sasa michirizi, na hapa inafaa kutulia kidogo. Fungua turubai ya pikseli 500 kwa 500, ya aina ya kijivu (grayscale) lakini yenye mandhari nyeupe. Acha ukingo mtupu wa pikseli 40 kila upande. Tia nukta 40 hadi 60 za ukubwa tofauti, nyingine nyeusi kabisa, nyingine nyeusi ya asilimia 30 tu. Kosa la kawaida ni kuzipanga zikapendeza machoni. Ncha haitazamwi ikiwa imesimama, inatazamwa ikikimbia. Nukta mbili zilizo kwenye mstari mmoja wa mwendo zinatoa mchirizi mmoja. Ukiwa na nukta 60 zilizojipanga kwenye safu kumi, una michirizi kumi, zilizobaki ni mzigo. Ili kujua utapata nini, nakili picha ya ncha yako na uipitishe kwenye kichujio cha ukungu wa mwendo kwa umbali wa pikseli 500. Mistari utakayoiona ndiyo michirizi yako. Kama ni ukanda mmoja wa kijivu, nukta zimejaa mno. Futa theluthi yake, na uache mapengo yasiyolingana.

Angalia na ukubwa wa kutumia. Ncha ya pikseli 500 ikitumika kwa ukubwa wa 60 inapunguzwa zaidi ya mara nane, kwa hiyo nukta yenye pikseli 6 inakuwa chini ya pikseli moja na kuyeyuka. Kwa matumizi hayo usichore nukta iliyo chini ya pikseli 10.

Mzunguko nao: kwenye Krita tumia Rotation yenye sensa ya Drawing Angle, kwenye Photoshop, Shape Dynamics, pembe ifuate Direction. Ukiweka mzunguko wa bahati nasibu kila chapa inakaa upande wake na michirizi inajifuta yenyewe. Mzunguko wa bahati nasibu ni mzuri kwa vitundu vya ngozi, mawingu na udongo, yaani penye kazi ya kuficha mwelekeo.

Na ukiwa kwenye Krita, kumbuka chaguo la Smearing. Kwenye Dulling nywele zote zinabeba rangi moja, hata ncha iwe ya kisanii kiasi gani.

Nikichanganya karibu na ukingo wa umbo, ukingo unaliwa na unabaki na ukungu. Na nikifungua tabaka jipya (layer) juu ya picha, burashi haifanyi kitu kabisa.

Haya ni matatizo mawili yenye mama mmoja: burashi inaokota kilicho kwenye tabaka ulilochagua, na utupu nao ni kitu cha kuokotwa.

Kwa ukingo, funga uwazi wa tabaka. Programu nyingi kubwa zina kitufe hicho kwenye paneli ya matabaka, mara nyingi chenye alama ya drafti. Ukishaufunga, pikseli tupu zinabaki tupu. Krita ina njia ya ziada ndani ya Smudge Length, ambapo unaweza kuondoa tiki ya Smear Alpha ili burashi isiburute uwazi. Programu ya GIMP kuanzia toleo la 2.10 ina chaguo la kuzuia kufuta kwenye zana yake ya kuburuta, pamoja na kitelezi cha kutia rangi ambacho awali hakikuwepo.

Kwa tabaka jipya, burashi haina cha kuokota. Kwenye Photoshop washa Sample All Layers, kwenye Krita washa Overlay ndani ya mipangilio ya burashi. Sasa itaona matabaka yote na kuandika matokeo kwenye tabaka lako tupu, huku kazi ya chini ikibaki salama. Ila matabaka ya chini ukija kuyabadilisha, mchanganyiko wa juu haubadiliki nayo, umekuwa kiraka. Na kama tabaka la chini lina hali maalumu ya kuchanganya, kama ile ya kuzidisha (Multiply), rangi iliyookotwa tayari ina athari hiyo. Liweke tabaka la mchanganyiko juu kabisa, katika hali ya kawaida.

Nalainisha anga lakini kuna doa hafifu halitoki, hata nipitishe burashi mara mia.

Faili yako ni ya biti 8, na nguvu ni ndogo mno. Kwenye biti 8 kila mkondo wa rangi (nyekundu, kijani au bluu) una ngazi 256, hakuna nusu. Doa likitofautiana na anga kwa ngazi 9, na burashi ikichanganya asilimia 5, mabadiliko yanayotakiwa ni 0.45. Yanakadiriwa kuwa sifuri. Unaweza kupitisha hata mara elfu.

Pandisha nguvu hadi 30 kwa mipigo michache, au ubadili faili iwe ya biti 16 kabla ya kulainisha. Biti 16 pia huondoa zile ngazi zinazoonekana kama mistari ya milima kwenye ramani, alimradi uchanganye upya baada ya kubadili. Ngazi zilizokwisha kuingia haziondoki kwa kubadili aina ya faili. Ukilazimika kurudi biti 8 mwishoni, nyunyiza punje hafifu sana kwenye anga, kiasi cha asilimia 1 hadi 2, ngazi zisionekane.

Burashi inakwama. Nasogeza kalamu, mstari unafuata baada ya sekunde mbili.

Hesabu kazi unayoipa mashine. Burashi ya pikseli 500 ni mraba wa pikseli 250,000. Kwa nafasi ya asilimia 1 inapiga chapa kila pikseli 5, kwa hiyo mpigo wa pikseli 1,000 ni chapa 200, yaani pikseli milioni 50 za kusoma, kuchanganya na kuandika. Weka nafasi ya asilimia 5 na kazi inashuka hadi milioni 10. Kwa burashi kubwa laini hutaona tofauti ya uso.

Kinachofuata ni kuzima utawanyaji wa chapa na mwonekano wa ncha mbili, vyote vinavyozidisha idadi. Kisha Sample All Layers: mashine inalazimika kukusanya matabaka yote kabla ya kuokota. Na kama anga lote linataka kulainishwa, punguza picha hadi nusu, lainisha, kisha ipandishe tena. Mipito mipana laini haina cha kupoteza kwa kupunguzwa.

Mkandamizo haufanyi kazi kwenye burashi za kuchanganya tu. Za kawaida ziko sawa.

Basi kalamu na kiendeshi chake ni vizima. Ni burashi hiyo haijaunganishwa. Rudi kwenye kitelezi cha nguvu, siyo cha ukubwa wala uwazi, na uwashe sensa ya mkandamizo hapo. Ingekuwa burashi zote zimekufa, kwenye Windows tungeanza na njia ya mawasiliano ya kalamu: Krita ina chaguo kati ya Wintab na Windows Ink kwenye mipangilio ya kompyuta kibao, pamoja na kitufe cha kujaribia kalamu. Badilisha, funga programu, fungua tena.

Nina Procreate, na rafiki yangu ana Clip Studio Paint. Mbona mnazungumzia programu nyingine tu?

Hesabu za nafasi na nguvu ni zile zile, vitelezi ndivyo vyenye majina mengine. Kwenye Procreate burashi yoyote inaweza kuwekwa kwenye zana ya kuburuta, na kitelezi cha uwazi (Opacity) pembeni ndicho nguvu yako. Telezesha burashi kushoto, chagua Duplicate, uhariri nakala. Nafasi utaikuta kwenye njia ya mpigo (Stroke Path), na ndani ya Wet Mix kitelezi cha Pull ndicho kinachoburuta.

Kwenye Clip Studio Paint nakili zana ndogo ya kuchanganya, fungua maelezo yake yote, nenda sehemu ya mchanganyiko wa rangi. Kiasi cha rangi kiwe sifuri, Color stretch kiwe cha kadiri ya mwendo unaoutaka. Programu hii ina desturi ya kukumbuka kila ulichogusa, kwa hiyo burashi uliyoizoea jana inaweza kuamka na tabia nyingine. Ukishapata mpangilio mzuri, uhifadhi kuwa ndio wa awali, ili kitufe cha kurudisha kikurudishe hapo na si kwa mtengenezaji.

Nimepakua burashi karibu 200 za kuchanganya. Nitajuaje zipi za kubaki nazo?

Tatu zinatosha kazi nyingi: laini ya duara, yenye michirizi, na yenye punje. Ya nne tunaikubali ikiwa ina ukingo mkali wa kisu. Zikipita sita utatumia muda kuchagua kuliko kuchanganya.

Tengeneza turubai moja ya majaribio na uihifadhi. Upande wa kushoto paka nyeusi na nyeupe zikigusana kwa ukingo mkali. Katikati, nyekundu na kijani. Kulia, umbo la rangi moja kwenye tabaka lenye mandhari tupu. Kila burashi ipitishe mara tatu kwa ukubwa wa pikseli 100: mpigo mmoja mrefu wa kuvuka ukingo, mpigo wa kwenda na kurudi mara tano mahali pamoja, na mpigo mwepesi kisha mzito. Mpigo wa kwanza utakuonyesha shanga na umbali wa kuburuta. Wa pili utakuonyesha kama burashi inaingiza rangi isiyokuwepo. Wa tatu utakuonyesha kama mkandamizo umeunganishwa na nguvu au na ukubwa. Iliyofeli mawili kati ya hayo ifute. Iliyofeli moja, fungua kihariri chake, sasa unajua kitelezi cha kugusa.